Tembo Wawili Wenye Ugonjwa wa Sukari
Wazazi ambao mtoto wao ana ugonjwa wa sukari waijua taabu yake: sindano ya insulini kila siku, chakula cha kipimo, na mtoto mwenyewe akiificha hali yake kwa haya. Huko Marekani, mwaka 1995, ulitolewa mchezo wa video uitwao Packy & Marlon. Ndani yake mna tembo wawili, marafiki, nao wana ugonjwa huohuo. Mtoto huwaongoza kambini, huwachagulia chakula, huwapima damu na kuwapa insulini.

Mwaka 1997 wataalamu walitangaza matokeo ya jaribio lao. Watoto 59, wenye miaka 8 hadi 16, walichezea nyumbani kwa miezi 6. Baadhi mchezo huo, wengine mchezo usiohusu afya. Tusimdanganye msomaji: kipimo cha sukari ya damu hakikuonyesha tofauti ya maana, wala ujuzi wao wa ugonjwa. Lakini wale wa tembo walijitunza vizuri zaidi, tena walizungumza na wazazi wao juu ya ugonjwa kuliko wenzao. Sisi hatuliiti hilo jambo dogo, kwani mama atamsaidiaje mtoto anyamazaye? Sindano, bila shaka, ilibaki palepale, kila siku.