Betri za zinki na maji: zina usalama, zinatafutiwa nguvu

Betri zinazowasha magari na matuktuk, na nyingi zinazohifadhi umeme wa sola majumbani, zina risasi ndani yake. Wakazi wa Owino Uhuru, huko Mikindani, wanajua madhara ya risasi hiyo. Kuanzia 2007 hadi 2014, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliendesha kazi ubavuni mwa kijiji chao. Sumu iliingia kwenye udongo na hewa, na vipimo vya damu vikaionyesha miilini mwa watoto. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Uamuzi huo ulitenguliwa kwenye rufaa, kisha Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2024.

Ndiyo sababu utafiti wa betri za zinki, unaoendelea katika nchi mbalimbali, unawahusu watu wa hapa.

Zinki si ngeni Pwani. Ndiyo hupakwa kwenye mabati ili hewa ya chumvi isiyaharibu upesi, na vipande vyake hufungwa chini ya meli ili viliwe na bahari badala ya chuma. Mawe ya tochi pia yana zinki. Ikishaliwa, jiwe limekwisha. Watafiti wanataka betri ya zinki inayochajiwa tena na tena, yenye maji ya chumvichumvi ndani yake. Betri za lithiamu hutumia kimiminika kinachoweza kushika moto. Maji hayawaki.

Lakini maji yana mpaka. Kwa kawaida yakipitishiwa zaidi ya volti 1.23 huanza kuvunjika kuwa gesi za haidrojeni na oksijeni, na betri iliyofungwa huvimba. Mpaka huo husogea kulingana na madini: juu ya risasi gesi hutoka polepole mno, ndipo seli ya risasi ikafika volti 2. Seli ya zinki na manganizi hutoa karibu 1.5, ilhali ya lithiamu hukaribia 3.7. Kwa hiyo kupata volti 12 kwa zinki kunahitaji seli nyingi zaidi, uzito zaidi na gharama zaidi.

Njia moja ya kuvuka mpaka huo ni kuyeyusha chumvi nyingi mno, hata maji karibu yote yashikwe na chumvi na kubaki machache ya kuvunjika. Chumvi zenyewe ni ghali. Njia nyingine ni kuweka maji ya aina mbili: ya alkali upande wa zinki, ya asidi upande wa manganizi, na utando katikati. Hapo seli moja hupita volti 2. Tatizo ni utando. Ukivuja, asidi na alkali huuana nguvu. Tena zinki inapochajiwa hurudi kwa miiba inayoweza kuutoboa na kupiga shoti.

Kwa uzito wake, betri hii itafaa zaidi ukutani mwa nyumba au zahanati kuliko kwenye bodaboda.

Kwa sasa, betri ya risasi iliyokufa isipasuliwe nyumbani, asidi yake isimwagwe mtaroni, wala risasi isiyeyushwe jikoni kutengeneza chubwi za kuvulia. Irudishwe kwa muuzaji au ipelekwe kwa mnunuzi mwenye leseni ya NEMA. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inawabebesha watengenezaji na waagizaji wajibu wa bidhaa zao hata zikishakuwa taka.