Msinkona wa Amani

Apandaye kutoka Muheza kuelekea Amani huupata ubaridi wa Usambara Mashariki kabla hajaiona bustani yenyewe. Kituo hiki kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na miti ya nchi nyingi ikaletwa ili ijulikane ipi itastawi na kuleta faida. Si yote iliyoleta heri: musizi, kwa mfano, umetapakaa msituni na hadi leo unawasumbua wahifadhi.

Mhudumu wa afya atavutwa zaidi na msinkona. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Mwaka 1820, Pelletier na Caventou waliitenga kwinini kutoka katika gome lake jijini Paris. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, njia ya bahari ilipofungwa, Wajerumani waliitengeneza kwinini kwa magome ya Amani.

Cha ajabu ni kwamba hospitali iliyo chini ya milima hiyo, Muheza, ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyoipima kwinini dhidi ya atesuneti kwa watoto wenye malaria kali. Utafiti huo wa nchi 9 za Afrika, uliochapishwa mwaka 2010, ulihusisha watoto 5,425. Waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, waliopewa atesuneti, asilimia 8.5. Tofauti hiyo yaonekana ndogo katika karatasi, lakini wodini ni watoto wanaorudi nyumbani na mama zao. Isitoshe, dripu ya kwinini huhitaji saa kadhaa za uangalizi, ilhali sindano ya atesuneti huchomwa kwa dakika chache. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaipendekeza atesuneti kwa watoto pia.

Hata hivyo, uchungu wa gome bado huwashawishi wengi kulichemsha. Kiasi cha kwinini hutofautiana kati ya mti na mti, na ulimi hauwezi kukipima. Kikiwa kidogo, vimelea hubaki. Kikizidi, masikio huvuma, macho hufifia, sukari hushuka na mapigo ya moyo huvurugika. Sukari ikishuka, mtoto huweza kupata degedege linalodhaniwa kuwa la malaria. Kwa hiyo mzazi aliyemnywesha mtoto maji ya gome aseme wazi afikapo kituoni, naye mhudumu aulize bila kukaripia, kisha apime sukari pamoja na vimelea.