Miezi Miwili ya Mirihi na Anga la Thika

Mtu asafiriye usiku kutoka Ruiru kwenda Thika, katika miezi ambayo Mirihi i karibu nasi, huiona kama nyota nyekundu isiyometameta. Hiyo si nyota bali ni sayari, nayo ina miezi miwili ambayo jicho tupu haliwezi kuiona.

Mnamo Agosti 1877, Profesa Asaph Hall wa Washington, Marekani, aliitafuta kwa darubini ya inchi 26 hata akakata tamaa. Mkewe, Angeline, akamhimiza arudi kazini. Naye katika muda wa siku sita hivi akaiona yote miwili, kwanza Deimos, kisha Phobos. Phobos una upana wa kilometa 22 tu, ambao haupiti sana mwendo wa Ruiru hadi Thika! Huizunguka Mirihi kwa saa 7 na dakika 39, na kwa haraka hiyo, mtu aliyesimama huko angeuona ukichomoza magharibi.

Je, mtu wa kawaida aweza kuipiga picha? Mirihi yenyewe, naam. Darubini ya kioo cha inchi nane yatosha, pamoja na kamera ndogo ipigayo picha maelfu mfululizo. Kisha kompyuta huchagua zilizo safi na kuzipanga moja juu ya nyingine. Lakini kuhusu miezi tusimdanganye msomaji. Mirihi hung'aa kuipita zaidi ya mara laki moja, na kazi hiyo ni kama kumtafuta kimulimuli kando ya taa za lori. Wajuzi huisogeza darubini hata sayari itoke nje ya picha, ndipo huiacha kamera ipokee mwanga kwa sekunde kadhaa. Afadhali kuanza na Deimos, ambao ijapokuwa ni hafifu zaidi, hukaa mbali na mng'ao huo. Hapo hata kioo cha inchi 12 si kikubwa mno.

Sisi tulio karibu na Ikweta tumebarikiwa. Mirihi ilipokaribia kilometa milioni 57.6 mwezi wa Julai 2018, watu wa London waliiona chini sana, bali Thika ilipita juu. Bahati mbaya Julai kwetu ni mwezi wa baridi na mawingu. Tarehe 19 Februari 2027 itakuwa mbali zaidi, yapata kilometa milioni 101, lakini huo ni wakati wa kiangazi, nayo itapita karibu na utosi baada ya saa sita usiku.

Adui mkubwa ni taa. Tangu barabara kuu ilipofunguliwa mwaka 2012, mashamba mengi ya kahawa ya Ruiru yamegeuka nyumba, na anga limefifia. Mwenye darubini na aelekee upande wa Ol Donyo Sabuk, aitoe nje saa moja kabla ya kazi ili kioo kipoe. Asiyeweza kusafiri, hana budi kumwomba jirani azime taa ya mlangoni.