Kamera imemwona mwizi, nani yuko karibu na nyumba?

Na Mwandishi Wetu, London

WENZETU wengi hapa Uingereza, na wale walioko Muscat, Dubai na Marekani, wana nyumba Tanzania au Kenya iliyojengwa kwa zamu za usiku na pesa zilizotumwa kidogo kidogo kwa miaka. Leo saruji, kesho nondo, mwaka mwingine mabati. Nyumba ikishapauliwa, swali linalofuata huwa ni la ulinzi, na siku hizi jibu la haraka ni kamera. Mtu ananunua boksi lenye kamera nne, anampa msafiri, fundi anazifunga Kibaha au Mtwapa, na picha anaziona kwenye simu akiwa Leicester. Raha iliyoje!

Hatuna ugomvi na kamera. Tunachosema ni kwamba kamera haifukuzi mtu. Ukimwona mwizi anaruka ukuta wako saa nane usiku, saa za Dar es Salaam, hapa London ni saa tano au saa sita usiku kutegemea majira, na wewe huwezi kufanya lolote isipokuwa kupiga simu. Unampigia nani? Namba ya dharura ya 112 ukiipiga kutoka Uingereza inakupeleka kwa polisi wa Uingereza, si wa Kibaha. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha bei za kamera, andika namba za watu watatu wanaolala karibu na nyumba, pamoja na namba ya moja kwa moja ya kituo cha polisi cha eneo hilo, zote zikianza na +255 au +254. Kisha waulize hao watatu kama wako tayari kuamshwa. Asiyekuwa na hata mmoja, kamera yake itampa sinema ya wizi wake mwenyewe.

Pesa ya kwanza, kwa maoni yetu, iende kwenye grili za madirisha, komeo la maana na taa ya nje inayowaka yenyewe mtu akipita. Taa hiyo haihitaji intaneti wala kulipiwa kila mwezi, na humwamsha jirani. Tunajua haina mvuto wa kuwaonyesha marafiki kwenye simu.

Baada ya hapo tuje kwenye kamera zenyewe. Kamera ndogo ya waifai hapa Uingereza hupatikana kwa chini ya pauni 30, na kwa chumba au kibaraza inatosha. Kinachowaumiza watu ni vitu vinavyokuja nyuma ya hiyo bei. Kampuni nyingine hukuuzia kamera rahisi halafu zikakutoza kila mwezi ili uweze kutazama picha za jana. Pauni 5 kwa mwezi ni pauni 180 kwa miaka mitatu, yaani kamera sita za bei ile. Chagua inayokubali memori kadi ndani yake, au inayopeleka picha kwenye mashine ya kurekodi iliyomo ndani ya nyumba, bila malipo ya mwezi.

La pili ni bando. Kamera moja inayorusha picha kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde, ikiachwa usiku na mchana, hula karibu gigabaiti 21 kwa siku. Kwenye laini ya simu, bando la namna hiyo litakufilisi. Dawa yake ni kuiacha kamera irekodi papo hapo nyumbani, na itume taarifa na kipande kifupi tu inapomwona mtu. Wewe unafungua kutazama unapohitaji. Kamera nne za kasi hiyo hujaza karibu gigabaiti 86 kwa siku, kwa hiyo diski ya terabaiti 1 inakutosha siku 11 hivi kabla mashine haijaanza kufuta za zamani. Ukigundua wizi baada ya wiki mbili, ushahidi umeshafutika. Nyumba ambayo ndugu huipitia mara moja kwa mwezi inahitaji diski kubwa zaidi, au irekodi pale tu panapokuwa na mwendo.

Mashine ya kurekodi isiwekwe sebuleni juu ya kabati la televisheni, kwa sababu mwizi ataibeba pamoja na televisheni. Iwekwe darini au kwenye stoo yenye kufuli, mradi hewa inapita.

Umeme ndio mtihani mkubwa. Nyumba isiyo na mtu, LUKU ikiisha, kamera zote zinazimika na hakuna anayejua mpaka wewe utakapojaribu kufungua picha. Mwenzetu wa Kenya naye tokeni zake ni hivyo hivyo. Kuna pia mwizi anayejua kazi, ambaye huanza kwa kuzima umeme kwenye mita ya nje. Ruta na kamera hutumia umeme mdogo, kwa hiyo betri ya akiba yenye volti inayolingana navyo huweza kuvishikilia kwa saa kadhaa. Kwenye kiwanja kisicho na umeme kabisa, ambako saruji na nondo zimerundikwa, kuna kamera zenye sola na laini ya simu ndani yake. Hizo hulala na kuamka mtu akipita, basi usitegemee zirekodi mfululizo. Mpe mtu kazi ya kuongeza salio la laini hiyo, kwani laini iliyosahauliwa muda mrefu hufungwa.

Wauzaji husifia sana megapikseli, lakini umbali ndio unaoamua. Kamera ya megapikseli 2 ina nukta 1,920 kwa upana. Ukiitaka itazame ua wa mita 20, kila mita inapata nukta 96. Utaona kuna mtu, ila hutamjua. Kiwango kinachotumiwa na wataalamu ili uso wa mgeni utambulike ni nukta 250 kwa mita, maana yake kamera hiyo isibebeshwe upana unaozidi mita saba na nusu. Kwa hiyo moja itazame geti kwa karibu, usawa wa uso, na nyingine ndiyo itazame ua wote. Fundi akikwambia atazifunga zote juu kabisa kwenye pembe za paa, utapata mkusanyiko mzuri wa picha za kofia.

Kwa nyumba za mwambao, kuanzia Tanga hadi Lamu na visiwani Unguja na Pemba, chumvi ya bahari hula skrubu na maungio ya waya haraka. Tafuta alama ya IP66 kwenye boksi, na maungio yote yaingizwe ndani ya kiboksi kisichopitisha maji. Buibui nao hupenda joto la taa za kamera, na utando wake ukipeperushwa na upepo utakuamsha usiku kucha. Afadhali kamera yenye kitambuzi cha joto la mwili, na mtu wa kuifuta kwa kitambaa kila baada ya wiki kadhaa.

Sasa neno la siri. Mara nyingi fundi hufungua akaunti kwa simu yake ili kazi iishe, kisha anakugawia picha. Hapo mwenye kamera ni yeye, na wewe ni mgeni wake. Anaona nani katoka na saa ngapi nyumba iko tupu. Fungua akaunti mwenyewe kwa barua pepe yako, hata ikibidi ukae kwenye simu na fundi saa nzima, na ubadilishe neno la siri lililokuja na mashine. Mwaka 2016 kirusi kiitwacho Mirai kiliteka maelfu kwa maelfu ya kamera na mashine za kurekodi duniani kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani. Uingereza imepiga marufuku maneno hayo ya pamoja kwenye vifaa vipya vya nyumbani tangu tarehe 29 Aprili 2024, lakini kifaa cha zamani au cha mtumba bado kinaweza kuwa nayo.

Waambie pia wanaoishi humo. Dada wa kazi, mpangaji na mama mzazi wana haki ya kujua kamera iko wapi, na chumba cha kulala na bafu si mahali pake. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa za watu ya mwaka 2019, Tanzania ya mwaka 2022, na kamera inayochungulia dirisha la jirani inaweza kukupeleka mbali kuliko mwizi mwenyewe.

Ukishanunua, ifunge kwanza hapo unapoishi kwa wiki mbili. Zima ruta uone kama inaendelea kurekodi, chomoa umeme na urudishe uone kama inaamka yenyewe. Aliyenunua Uingereza au Oman hana shida ya plagi, kwani Tanzania na Kenya hutumia ile ile ya pini tatu bapa. Wa Marekani asome kwenye chaja kama imeandikwa 100-240V, na plagi ataibadilisha. Betri za akiba za lithiamu msafiri azibebe kwenye begi la mkononi, maana kwenye sanduku la chini ya ndege haziruhusiwi.