Ulevi Si Ngao Mbele ya Sheria

Katika mitaa ya Pasua, mjini Moshi, kama ilivyo katika vihamba vya miteremko ya Kilimanjaro, pombe si kitu kigeni. Mbege, itengenezwayo kwa ndizi na ulezi, ni kinywaji cha arusi, cha matanga na cha wazee wanaposuluhisha ugomvi. Hatuandiki leo kuilaani. Twaandika juu ya yule aliyekunywa kupita kiasi, akampiga mwenzake hata akafa, na asubuhi akaamka mahabusi akisema: “Si mimi, ni pombe.”

Wengi huamini kwamba maneno hayo yatawaokoa. Wanajidanganya. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika kifungu cha 14, yasema wazi kwamba ulevi si utetezi, ila kwa namna mbili, na katika zote mbili ni lazima mshitakiwa awe hakujua atendalo au hakujua kwamba ni kosa. Ya kwanza ni pale alipoleweshwa na mtu mwingine bila ridhaa yake, kwa hila au kwa uzembe. Ya pili ni pale ulevi ulipomtia wazimu, wa muda au wa kudumu. Ulevi wa kawaida wa kujitakia haumo.

Hata hivyo, mlango haukufungwa wote. Kifungu hicho hicho chaiamuru mahakama iutazame ulevi inapopima kama mshitakiwa alikuwa na nia ya kutenda kosa. Hapo ndipo uhai wa mtu unaponing’inia. Adhabu ya kuua kwa kukusudia ni kunyongwa, na jaji hakupewa hiari ya kuipunguza. Kuua bila kukusudia kwaweza kuleta kifungo cha maisha, lakini pia chaweza kuwa kifungo cha miaka michache. Aliyekwenda nyumbani kuchukua panga, akarudi kumtafuta hasimu wake, kisha akalificha, ataonekana alikuwa na nia hata kama alikuwa akipepesuka.

Kwa sababu hiyo twasema na watumishi wa serikali. Polisi amkamataye mtuhumiwa, mtendaji wa mtaa aitwaye usiku, na daktari, hawana budi kuandika saa ile ile hali waliyomkuta nayo: aliweza kusimama au la, alijibu nini, alikunywa nini na tangu saa ngapi. Kesi za mauaji huchukua muda mrefu, na mashahidi husahau. Pasipo maandishi, mkweli na mwongo hufanana mbele ya jaji.

Wasomaji wetu wa visiwani nao wasidhani haya hayawahusu. Zanzibar ina sheria yake ya adhabu, lakini Mpemba akikosa Pasua atahukumiwa kwa sheria ya bara. Na rufaa za jinai za pande zote mbili huishia Mahakama ya Rufani ya Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1979. Madereva nao wakumbuke kwamba, chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, kuendesha gari hali umelewa ni kosa hata kabla ya kumgonga mtu.

Baada ya ugomvi wa kilabuni familia mbili hulia, moja makaburini na nyingine kwenye lango la gereza. Pombe yenyewe haipandi kizimbani, hupanda aliyeinywa.