Tujihadhari na Kome Mwenye Umbo la Pia

Maji yakipwa hapa Mbegani, akina mama na watoto hushuka pwani kuokota kome. Tumwogope yule mwenye umbo la pia na michoro ya kupendeza. Huwinda kwa jino lililo kama mshale, lenye sumu. Akishikwa au kutiwa mfukoni aweza kuchoma.

Dalili ni ganzi, macho kuona maluweluwe, viungo kulegea, hata pumzi kukatika. Wengine hawasikii maumivu makali, lakini tusidharau.

Dawa ya kuua sumu hii haipo. Tumlaze mgonjwa atulie, tusimchanje, tumkimbize hospitali. Pumzi ikikatika, tumpulizie hewa kinywani bila kuacha mpaka tufike. Sumu huisha nguvu. Anayesaidiwa kupumua aweza kupona.