Kalamu Ibaki kwa Mwanafunzi

Tanzania, mkufunzi msaidizi wa chuo kikuu ni mhitimu aliyeajiriwa. Marekani, sehemu ya kazi hiyo hupewa hata mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyefaulu vizuri kalkulasi. Huongoza semina, husaidia wenzake jioni na kusahihisha mazoezi, akilipwa kwa saa. Sifa yake kubwa ni kwamba bado anakumbuka alipokwama.

Hata hivyo, kujua kukokotoa hakutoshi. Tuseme semina inatafuta kasi ya kubadilika ya xˣ. Wengi hushusha kipeo mbele na kukipunguza kwa moja, kama walivyozoea kwa x³. Wanapata x · xˣ⁻¹, yaani xˣ ileile.

Msaidizi asiye na uzoefu hunyakua kalamu na kuandika jibu sahihi, xˣ(ln x + 1). Wote huitikia, na kosa hurudi kwenye mtihani. Aliyefundwa huuliza: “Jibu lenu linatoa nini x ikiwa 2?” Kwa jibu lao, kasi ni 4. Lakini kikokotoo kinaonyesha kuwa x ikitoka 2 hadi 2.01, thamani hupanda kutoka 4 hadi karibu 4.068. Gawanya ongezeko hilo kwa 0.01, unapata kama 6.8. Ndipo linakuja swali la pili: kanuni ya kushusha kipeo hudai kipeo kisichobadilika, je, hiki hakibadiliki? Wakishaona tatizo, njia ya logi inayoleta jibu sahihi ina pa kuanzia.

Namba 2 haikuokotwa tu. Kwenye 1, jibu sahihi na lililokosewa yote hutoa 1, na jaribio lisingefichua kitu. Hayo huandaliwa kabla ya semina.

Chuo Kikuu cha Missouri–Kansas City kilianzisha mwaka 1973 mpango unaofuata msimamo huo wa kuuliza badala ya kujibu: mwanafunzi aliyefaulu somo huhudhuria tena mihadhara yake, kisha huongoza vikao vya kujisomea bila kuhutubu upya.

Usahihishaji una miiko yake: mwongozo mmoja wa alama kwa wote, rafiki au mgeni, na alama za mtu hazizungumzwi bwenini.

Idara inayotaka kujaribu utaratibu huu isiangalie matokeo ya mwombaji peke yake. Impe karatasi yenye kosa, imwulize: “Ungemwuliza nini aliyeandika hivi?” Akianza kulisahihisha, bado anahitaji mafunzo.